Majibu kwa Wasomaji: Filimbi ya mama, kaunta buku ya zamu na taa ya kona

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Tanga mjini, na nyingi zinamhusu mama aliyefariki baada ya miaka mingi ya kuwakatalia wezi mtaani kwake, kila mtaa na mama yake. Hakuwa askari wala kiongozi mkubwa. Ni yule mama wa barazani ambaye kila mtu alijua kuwa ukimgongea saa nane za usiku atafungua, atatoka na kanga begani na tochi mkononi. Wasomaji wanauliza wamkumbuke vipi, na ndani ya kila swali limejificha jingine: kazi aliyoiacha nani ataifanya, na kwa utaratibu gani? Tumechagua barua sita.

SWALI: Mama yetu alifariki mwaka jana. Kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye aliyekuwa akiandika zamu za ulinzi hapa kwetu. Ametuachia kaunta buku nne, filimbi ya bati na tochi. Buku mbili zililowa wakati wa masika na zimeanza kushika ukungu. Tunataka wajukuu wamjue bibi yao, lakini kila tunayemuuliza anasema "alikuwa mwanamke jasiri", halafu ananyamaza. Tumeambatisha picha ya ukurasa mmoja. Tuanzie wapi? (Watoto wa marehemu, Ngamiani Kati)

JIBU: Poleni sana, na ahsanteni kwa kutozitupa buku hizo. Anzeni na zile zilizolowa. Wazee mnaotaka kuwahoji wanaweza kungoja wiki mbili, lakini karatasi mbichi haingoji.

Msizianike juani. Jua hukausha jalada kabla ya kurasa za ndani, karatasi hujikunja na wino wa kalamu hupauka. Zisimamisheni wima kivulini, kurasa zikiwa zimeachana, katika chumba kinachopitisha upepo. Kama mna feni, ielekezeni ukutani ili hewa izunguke bila kuzipiga karatasi. Kila baada ya kurasa kumi hivi ingizeni karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu inyonye maji, muibadilishe asubuhi na jioni. Gazeti halifai, wino wake utahamia kwenye maandishi ya mama. Kurasa zilizogandana msizibandue kwa nguvu. Subirini zikaribie kukauka, kisha pitisheni ukingo wa kadi ngumu taratibu. Ukungu ukishakauka na kuwa kama vumbi, tokeni nje, vaeni barakoa, mfagie kwa brashi laini ya kupakia rangi kuanzia katikati ya ukurasa kwenda pembeni. Mwenye pumu asiiguse kazi hii.

Mtu akiwashauri mpeleke kurasa steshenari zikatiwe lamineshi, kataeni. Joto la mashine huiumiza karatasi, na plastiki ikishashika haitoki tena. Selotepu nayo mwanzoni huonekana msaada, lakini baada ya miaka michache gundi yake hugeuka ya njano na kuchafua hata neno lililokuwa linasomeka.

Zikikauka, zipigeni picha. Kwanza andikeni namba za kurasa kwa penseli kwenye kona ya chini. Wekeni meza karibu na dirisha, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, simu ikae juu ya ukurasa bila kuinama, mwanga wa simu uzimwe. Pigeni ukurasa mmoja mmoja. Buku ya kwaya mbili ina kurasa 192. Mmoja akifunua na mwingine akipiga, asubuhi moja inatosha kwa buku moja. Kila picha ipewe jina lenye namba ya buku na ya ukurasa, la sivyo miezi sita baadaye hamtajua ipi inafuata ipi. Wekeni nakala tatu: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye flashi anayokaa nayo ndugu wa nyumba nyingine, na moja iliyochapishwa. Buku zenyewe zitieni kwenye bahasha za karatasi ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, na kwa hewa yetu ya pwani ukungu utarudi kabla ya mwaka kuisha.

Sasa hilo la "jasiri". Neno hili ni la heshima lakini halimwonyeshi mtu. Ukurasa mliotutumia una mistari kumi na moja, na tisa kati yake mama ameandika neno moja tu, "salama". Mstari wa sita unasema: "Saa 8:10 usiku. Mbwa wamebweka kwa fundi baiskeli. Tumekwenda watatu. Ni paka. Tumerudi." Huyo ndiye mama yenu. Mwanamke mzima ametoka usiku wa manane kwa ajili ya paka, ameiandika saa yake, hakumwacha mtu kwenda peke yake, na kesho yake mstari wa saba upo. Chapeni ukurasa huo mkubwa, muuweke kwenye fremu ukutani pamoja na filimbi. Sisi tungeuchagua huo kabla ya picha yoyote ya harusi.

Mkienda kwa wazee, ulizeni alifanya nini, msiulize alikuwaje. Alipotoka alianza kugonga mlango wa nani? Alishika nini mkononi? Kijana alipokamatwa, mama alimwambia maneno gani, na nani alikuwa karibu akasikia? Mzee akisahau mwaka, msaidieni kwa matukio anayoyakumbuka kila mtu: ilikuwa kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998? Kabla ya msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999? Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2014 au wa 2019? Tukio lolote kubwa litafuteni kwa watu wawili ambao hawakukaa pamoja, maana simulizi ikizunguka barazani miaka kumi huota mbawa. Alasiri ni wakati mzuri, na dakika arobaini zinamtosha mzee. Wekeni simu juu ya kanga iliyokunjwa, hatua moja kutoka kwake, iwe haipokei simu wala ujumbe, televisheni izimwe. Maneno ya kwanza kurekodiwa yawe tarehe, mahali, jina la msemaji na idhini yake.

Jambo moja tunalisisitiza. Ndani ya buku hizo kuna majina ya waliokamatwa au kutuhumiwa. Wengine hawakuhukumiwa kamwe, wengine walitumikia adhabu na leo ni baba za watu. Nakala ya wajukuu iwe na majina hayo yamefunikwa, na kitu chochote kisipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla ya sheria, mama aliyaandika majina yale kwa ajili ya kituo cha polisi. Hakuyaandika ili mtaa uyasome.

SWALI: Arobaini ya mama imekaribia. Vijana wanataka hotuba kuhusu alivyopambana na vibaka, na fulana zenye picha yake. Wazee wanasema hitma si mkutano wa hadhara. Na kwa watu 150 tupike kiasi gani? (Binti yake, Makorora)

JIBU: Wazee wako wamesema vyema, na vijana nao wana haki ya kumsema mama yao. Tenganisheni nyakati. Hitma iwe hitma: msahafu una juzuu 30, kila moja kurasa zipatazo 20, na msomaji mzuri huimaliza kwa dakika arobaini hadi hamsini. Mkipata wasomaji 30, mnamaliza kwa kikao kimoja. Mkipata 15, kila mmoja apewe mbili na muanze mapema. Dua ikishapita na watu wakila, wanaotaka wakae barazani baada ya alasiri wasimulie. Kwa familia za Kikristo mpango ni huohuo: misa ya kumbukumbu kwanza, simulizi nyumbani baadaye. Pesa ya fulana tungeihamishia kwenye sadaka inayoendelea, na barua ya mwisho ya safu hii ina wazo linalofaa.

Pilau: kilo moja ya mchele hulisha watu saba walioshiba, kwa hiyo watu 150 ni kilo 22. Nunueni 25, maana hitma ya mama wa mtaa mzima haina kadi za mwaliko. Nyama kilo 15 hadi 18, vitunguu kilo 5, mafuta lita 4. Pikeni kwenye masufuria mawili. Sufuria moja kubwa ikizidi kilo 15 za mchele, chini huungua juu hakujaiva. Maji pia yapunguzwe kuliko ya nyumbani: kwa kipimo kimoja cha mchele, maji moja na nusu, kwa sababu sufuria kubwa iliyofunikwa hupoteza mvuke kidogo. Wengi hutia maji mawili kwa moja, na pilau hutoka bokoboko.

SWALI: Tangu mama mlezi wa ulinzi wetu afariki, zamu imekufa. Vijana wanasema bila posho hawatoki. Baya zaidi, mara mbili sasa mtuhumiwa amepigwa karibu ya kufa. Enzi za mama haikuwahi kutokea. Tunataka kuirudisha zamu kwa jina lake. (Katibu wa kikundi, Mabawa)

JIBU: Tuanze na kupigwa, maana kama hilo halikutengemaa, jina la mama msilitumie.

Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, na inamtaka amfikishe kwa polisi bila kuchelewa. Inaishia hapo. Hata sheria ya 1989 iliyoitambua sungusungu iliwapa uwezo wa kukamata kama mgambo, kuhukumu haikuwapa. Mtu akifia mikononi mwa kundi, shitaka ni la mauaji, na waliokuwapo wote wako hatarini. Kuna na hasara ambayo watu hawaifikirii: mtuhumiwa aliyepigwa huharibu kesi. Badala ya wizi, kinachoshughulikiwa kwanza ni PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na hospitali. Mashahidi wanatoroka kwa kuogopa kugeuka washitakiwa. Na baiskeli iliyoibwa hakuna tena wa kuieleza.

Kwa hiyo fanyeni mazoezi, kama timu inavyofanya kabla ya mechi. Wa kwanza na wa pili wanashika mikono. Wa tatu anasimama baina ya mtuhumiwa na watu, uso wake ukiwaelekea watu. Huyu ndiye muhimu kuliko wote, na awe mtu mzima anayeheshimika. Mama wa mtaa huifanya nafasi hii vizuri zaidi kuliko kijana mwenye misuli, kwa sababu ni vigumu mtu kurusha jiwe likampitia mama yake. Wa nne anapiga simu, kituo cha karibu au 112, na kuandika saa. Mtuhumiwa aketishwe chini: aliyekaa hakimbii wala hapandishi watu hasira. Asifungwe kwa waya. Vitu alivyokutwa navyo visipanguswe wala kupitishwa mkono kwa mkono. Aviweke mmoja kwenye mfuko safi, iandikwe nani kaviona wapi.

Kituoni msiondoke bila namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi), jina la askari aliyepokea na saa. Waacheni mashahidi wawili na namba zao. Kisha waelezeni wenzenu mapema kwamba mtuhumiwa anaweza kuonekana mtaani kesho kutwa, kwa sababu kwa makosa mengi dhamana ni haki yake na haina maana kwamba kesi imekwisha. Hapa ndipo hasira huanza na maneno ya "polisi wamekula" hutoka. Kesi nyingi za mitaani hufa kwa sababu nyepesi: mashahidi hawakwenda mahakamani. Andikeni tarehe ya kesi kwenye buku, tengeni nauli, na shahidi asiende peke yake.

Zamu yenyewe ipite kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe, majina yapelekwe kwa mtendaji wa mtaa na kituo cha polisi kabla ya usiku wa kwanza. Kila mlinzi adhaminiwe na watu wawili wanaomjua, maana kikulacho ki nguoni mwako, na zamu ndiyo inayojua nani kasafiri. Kitambulisho kiwe na picha na muhuri.

Watu 16 wanatosha: makundi manne ya wanne, kila kundi usiku mmoja kati ya minne, yaani usiku saba au nane kwa mwezi. Wapeni zaidi ya hapo, na mwezi wa pili watalala. Watoke saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na njia ipigiwe kura usiku huohuo. Kosa la zamu nyingi ni kupita Barabara ileile saa ileile. Kibaka huketi siku tatu akahesabu, ya nne akaingia nyuma yenu. Saa nane hadi saa kumi ndizo za kukaza. Kuanzia saa kumi alfajiri mna wasaidizi ambao watu huwasahau: wanaokaanga maandazi na vitumbua wameshawasha jiko, na wachuuzi wa samaki wanaelekea soko la Deep Sea. Wapeni filimbi. Mlio mmoja mrefu, tuko salama, mitatu mifupi, njooni, mfululizo, moto. Milio isizidi hiyo, watu walioamka usingizini hawakumbuki zaidi.

Kila kundi linahitaji filimbi nne, tochi mbili, fulana nne za kuakisi mwanga, buku, simu yenye salio. Marungu yanatosha, mapanga yabaki nyumbani. Wapangaji wapya waandikishwe kwa mjumbe wakiwa wamekuja na jina la aliyewapokea. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, na mgeni aliyeandikishwa hunusurika kusingiziwa.

Kuhusu posho: kaya 80 zikichanga shilingi 2,000 kwa mwezi ni 160,000, lakini msizipangie zote. Pangeni kwa kaya 50, shilingi 100,000, kwa sababu mwezi wa tatu hizo ndizo zitakazobaki zinalipa. Inatosha chai, betri na salio. Mshahara haitoki humo, na vijana waambiwe hivyo siku ya kwanza. Anayepokea pesa asiwe anayeandika buku ya pesa, risiti itolewe hata kwa mia tano, na hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zamu pia. Sababu nambari moja ya zamu kufa ni minong'ono ya pesa. Wezi wanakuja nyuma sana.

SWALI: Je, tunaweza kuipa barabara ya mtaa wetu jina la marehemu mama? (Wakazi, Chumbageni)

JIBU: Mnaweza kuomba. Pendekezo lianzie mkutano wa mtaa likiwa na muhtasari na saini, liende kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya jiji. Angalieni kwanza kama barabara haikupewa jina na kibao katika operesheni ya anwani za makazi ya 2022. Iliyokwisha kuingizwa kwenye mfumo ni ngumu kubadili, kichochoro kisicho na jina ni rahisi. Pateni idhini ya familia kwa maandishi. Mengi hukwama hapo, pale ndugu mmoja anapojitokeza mwishoni kusema hakushirikishwa.

SWALI: Mama alimpeleka polisi mtoto wa dada yake mwenyewe, aliyekuwa akiiba apate pesa ya unga, yaani heroini. Kwa mama mkubwa hawajatusamehe, hata mazishini walikaa kando. Sasa binamu yetu amerudi na anasema amechoka, anataka kuacha. Mama angekuwepo angejua la kufanya. (Mtoto wa marehemu, Msambweni)

JIBU: Mlishikeni neno lake leo, kabla ya arosto kumbana. Msimfungie chumbani wala kumfunga kamba. Arosto ya unga ni mateso ya siku kadhaa, kuhara, kutapika, mifupa kuuma, na anayepita hapo bila msaada wengi hurudi. Hatari kubwa iko hapo pa kurudi: mwili uliopumzika hauhimili tena kipimo cha zamani, na watu hufa kwa kete waliyokuwa wakiivuta bila shida mwezi uliopita.

Hospitali ya Rufaa ya Bombo ina kliniki ya methadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga ili arosto isimbane. Mpelekeni asubuhi, mmoja wenu akiwa naye, kwa sababu wanapenda kumjua ndugu atakayemsindikiza. Atahojiwa, atapimwa mkojo na maradhi kama kifua kikuu, VVU na homa ya ini. Dawa ni ya kunywa, hutolewa bure, kila siku, mbele ya mhudumu. Huanza na kipimo kidogo kikapandishwa polepole, kwa hiyo wiki za mwanzo bado atahangaika, na hapo ndipo familia hukata tamaa ikasema "haimsaidii". Asichanganye na unga, pombe wala vidonge vya usingizi, pumzi husimama. Akikosa siku kadhaa asidai kipimo chake cha zamani, aeleze ukweli apimwe upya. Nauli ya kila siku ipangieni zamu ndugu wote. Hiyo ndiyo huwashinda wengi, kuliko dawa yenyewe. Mkihitaji ushauri, namba ya bure ya mamlaka ya dawa za kulevya ni 119.

Na kwa mama mkubwa, mtumeni mzee anayesikilizwa pande zote, msiende wenyewe na maneno ya kujitetea. Amweleze jambo moja. Kijana anayeiba mtaani hukamatwa ama na mtu ama na kundi. Mama yenu aliwahi kabla ya kundi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mama yenu hakutaka dada yake alie juu ya kaburi la mwanawe. Ndiyo maana leo kijana yu hai na anaomba kusaidiwa.

SWALI: Tumechanga ili tuweke taa ya sola kwenye kona aliyokuwa akisimama mama usiku, iwe sadaka yake. Dukani tumeonyeshwa ya "wati 300" kwa bei nafuu sana. Tuinunue? (Wajukuu, Ngamiani Kusini)

JIBU: Msiinunue. Chukueni rula mpime paneli yake. Paneli ya sentimita 30 kwa 35 haiwezi kutoa zaidi ya wati 20 jua likiwa kali la saa sita, hata boksi likiandika elfu. Jua la kuhesabika kwa siku ni kama saa tano, wati 20 mara tano ni wati-saa 100, na zikipita kwenye betri zinabaki kama 70. Usiku wetu una saa 12. Gawanyeni: taa inapata wati sita, ikimulika miguu yenu, na masika ikiingia itazima saa tano usiku, kabla ya saa za vibaka.

Tafuteni paneli ya wati 60, ambayo itaipa taa wati 17 usiku kucha, na betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8 yenye Ah 30 hivi, ili ivumilie karibu usiku wa pili kukiwa na mawingu. Taa ya namna hiyo hutoa lumeni zipatazo 2,000, na hizo ndizo za kuuliza dukani. Paneli iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini. Ikilazwa kabisa, vumbi na mavi ya kunguru hayaoshwi na mvua. Mkungu au mwarobaini uliokaribu upunguzwe matawi, kwani kivuli cha tawi moja huangusha umeme wa paneli nzima.

Nguzo: paipu ya GI (chuma kilichopakwa zinki) ya inchi 3, mita 6, mita moja ifukiwe. Shimo la sentimita 50 kwa 50, kina mita moja. Mkigonga mwamba wa matumbawe msikate tamaa mkafupisha, tindo itapita. Zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mifuko miwili ya saruji inatosha. Mchanga usiwe wa baharini, chumvi yake itakula chuma kutoka ndani na nguzo itaanguka ikiwa bado inang'aa juu. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na vichwa vichomelewe ili betri isishuke usiku. Kabla ya kuchimba, pateni kibali cha ofisi ya mtaa na cha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama barabara ni yao, na kaeni mbali na nyaya za TANESCO.

Taa imulike chini. Ikimulika macho ya mpita njia, nyuma yake panakuwa giza zito kuliko awali, na hapo ndipo mwizi husimama. Kibao chenye jina la mama kiwekwe usawa wa macho, na chini yake jina la nyumba yenye jukumu la kufuta paneli kila baada ya miezi miwili. Nguzo ishikiliwe na miti ya kuegemeza kwa siku saba, zege limwagiwe maji asubuhi na jioni. Taa ipandishwe siku ya nane, saa kumi alasiri, na fundi asimaliziwe pesa yake mpaka giza liingie nanyi mmeiona ikiwaka.